Video Niliyoisambaza, na Ardhi ya Basotu

Muhula uliopita, tukiwa vimbweta tunasubiri kipindi cha saa nane, nilitumiwa video ya sekunde kama arobaini. Ng'ombe wengi, sijui mia sijui mia mbili, wamo katikati ya mahindi yaliyofika kiunoni. Mama mmoja analia kwa sauti. Anayechukua video anarudia, "Oneni wenyewe, oneni wenyewe." Kwa mbali yuko kijana kajitanda shuka, kashika fimbo, hata hageuki. Nikairusha kwenye grupu la darasa na maneno manne juu yake: "Wamang'ati na kazi yao." Vicheko vikaja, hasira zikaja, mmoja akaandika wafukuzwe wote.

Nilisahau kwamba mwenzangu wa chumbani yumo kwenye grupu hilo hilo, na yeye ni Mbarabaig wa Hanang.

Usiku ule hakugomba. Alimaliza kufua, akaanika, akakaa kitandani kwake akaniuliza maswali matatu. "Hilo shamba liko wapi?" Sikujua. "Ni la nani?" Sikujua. "Wale ng'ombe walikuwa wanatoka wapi, wanakwenda wapi?" Hapo nikacheka, maana sikuwahi kufikiri kwamba ng'ombe kwenye video wanatoka mahali. Yeye hakucheka. Kesho yake mtu mwingine darasani akagundua kwamba video yenyewe ilikuwa ya zamani na wala haikupigwa Manyara. Lakini kazi yake ilikuwa imeshafanyika. Watu zaidi ya mia walikuwa wameshaamua ni nani wa kuonewa huruma.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya maswali yale matatu. Hoja yangu ni hii: katika mgogoro wa ardhi unaodumu miaka mingi, huruma ya umma humwendea yule ambaye simulizi yake inasimulika kirahisi, na mara nyingi huyo siye aliyeumia zaidi wala mwenye haki zaidi. Sisi wanachuo tunaojiona tumeelimika ndio wasambazaji wakubwa wa simulizi hizo.

Niseme kwanza ninakotoka, usije ukadhani najitia utakatifu. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, upande wa Dongobesh. Nikiwa kidato cha nne, ng'ombe wa watu waliingia kwenye shamba la mama yangu wakala karibu ekari nzima ya mahindi. Wazee wakakaa, mwenye ng'ombe akatozwa, akalipa nusu, nusu ya pili tunaisubiri mpaka leo. Ada yangu ya muhula ule ilitoka kwa mjomba. Kwa hiyo ile video haikunikuta mtupu. Nilikuwa na yangu moyoni. Na kabla ya hapo nilikuwa na ya bibi yangu, ambaye jua likizama alituita ndani kwa kutuambia Mang'ati yuko porini. Mwenzangu ananiambia kwao nako bibi ana hadithi yake: mkulima huja usiku na jembe, ukiamka asubuhi unakuta njia ya kwenda majini imekuwa shamba. Bibi wawili, wilaya mbili zinazopakana, kila mmoja anamlinda mjukuu wake dhidi ya mjukuu wa mwenzake.

Tazama hata jina lenyewe. "Mang'ati" si neno lao. Ni neno la Wamaasai lenye maana ya adui. Wao hujiita Wadatooga, na Wabarabaig ni kundi kubwa miongoni mwao. Sisi tunalitumia kama jina la kabila tu, hadi kwenye habari na kwenye utani wa hosteli, bila kusikia kinachosemwa ndani yake. Mtu akiingia kwenye simulizi kwa jina la "adui", amebakiza nini cha kujitetea?

Sasa tulipeleke swali la mwenzangu, "ng'ombe walikuwa wanatoka wapi", kwenye historia ya Hanang.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianza kulima ngano kwenye tambarare za Basotu, na muda mfupi baadaye Canada ikaingia na misaada: wataalamu, mbegu, matrekta, kombaini. Mashamba yakaongezeka hadi saba, makubwa, na eneo lililochukuliwa likafika takriban ekari 100,000. Simulizi yake ilikuwa nzuri, tena ya kweli kwa sehemu. Nchi changa inataka kujilisha. Mijini watu wanataka mkate. Hapa kuna udongo mweusi wenye rutuba, tambarare, na kwa macho ya mpima ramani hakuna mtu. Piga picha kombaini nyekundu kwenye bahari ya ngano, na Mlima Hanang nyuma yake, mita zaidi ya 3,400 kwenda juu. Nani angeiona picha ile asiseme tunasonga mbele?

Ndani ya picha ile haonekani mtu aliyekuwa hapo mwezi uliotangulia. Wabarabaig walikuwa wakizungusha mifugo kufuata mvua, maji, chumvi na aina ya nyasi. Zile tambarare zenye rutuba, wanazoziita muhajega, zilikuwa malisho bora kabisa ya wakati wa mvua. Walizitumia kwa majira, kisha wakaziacha zipumzike. Ardhi iliyopumzishwa, kwa mgeni, inafanana sana na ardhi isiyo na mwenyewe. Walipoondolewa hapo, ng'ombe walibanwa kwenye maeneo yaliyobaki, malisho yakachoka, na watu wakaanza kuhama, wengine mbali sana, hadi mikoa ya kusini. Huko waendako wanafika kama wavamizi. Huko ndiko zinakopigwa video.

Sisemi kwamba kila ng'ombe aliyekula mahindi ya mtu alisukumwa na NAFCO. Mwenye ng'ombe wa shamba la mama yangu alikuwa mzembe tu, na deni lake liko palepale. Ninasema video huanza pale ng'ombe anapoingia shambani, na kilichotokea kabla ya hapo kinabaki nje. Na huruma yetu huanza palepale video inapoanza.

Kuna watu wataniambia: simulizi ni mambo ya mitandaoni, haki ina mahali pake, mahakamani. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka niliposoma kesi zenyewe.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzao 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Walishinda. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaiondoa sehemu kubwa ya ushindi ule. Sababu zake zinafundisha. Mahakama ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka ya wilaya iliyohusika. Kuandikishwa kama kijiji peke yake hakukipi umiliki. Na wanakijiji mmoja mmoja walitakiwa kuthibitisha madai yao, pamoja na kwamba wao ni wazawa kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Wale ambao hawakusimama kutoa ushahidi hawakuweza kubebwa na ushahidi wa wenzao.

Isome tena taratibu. Watu waliotumia ardhi kwa pamoja, kwa majira, kwa makubaliano ya wazee, walitakiwa kuisimulia kana kwamba kila mmoja ana kipande chake. Mahakama haikuwaita waongo. Ilisema hawakusimulia kwa namna ambayo sheria inaweza kusikia. Kisha mwaka 1987 ikaja amri, Tangazo la Serikali Na. 88, ya kufuta haki za kimila za ardhi katika eneo hilo. Kesi nyingine ikafunguliwa mwaka 1988, na mgogoro ukaendelea.

Sasa linganisha na kesi iliyotoka upande wetu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo ikiwa wilaya ya Mbulu, walikuwa na shamba kwa mila wakalipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. Walikwenda mahakamani, wakashinda. Bunge likapitisha sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni ile na kuzima kesi za namna hiyo. Wakaipinga sheria yenyewe, na mwishoni mwa 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ni hukumu kubwa. Mwanafunzi yeyote wa sheria nchini anaijua.

Najua kesi hizi mbili hazifanani. Maswali yalikuwa tofauti, miaka tofauti, na sisemi majaji walipendelea. Lakini mimi mtoto wa mkulima nilipozisoma pamoja, niliona jambo. Hadithi ya Akonaay inaingia kichwani mara moja: baba, mwana, shamba, mpaka, aliyeingia. Hata mtoto wa darasa la tatu ataielewa. Hadithi ya Mulbadaw inakutaka kwanza ujifunze jinsi malisho yanavyozunguka, kwa nini mahali patupu hapako wazi, na inakuwaje kitu cha wote kiwe na mwenyewe. Kabla hujamaliza kujifunza, umeshachoka. Uchovu huo wa msikilizaji una gharama, na anayeilipa ni mfugaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 simulizi iligeuka kidogo. Kilichoigeuza hakikuwa hesabu ya ekari. Yalikuwa makaburi. Wabarabaig humzika mzee wa heshima chini ya kichuguu kikubwa cha udongo, bung'eda, na ujenzi wake na sherehe zake huchukua miezi. Kichuguu kile ni kaburi, ni ukumbusho, na pia ni ushahidi kwamba ukoo fulani uliishi hapo. Habari zilipotoka kwamba makaburi yamelimwa na matrekta ya mashamba ya ngano, watu ambao hawajawahi kuona ng'ombe wa Hanang walishtuka. Malisho ni jambo la kueleza. Kaburi la baba wa mtu halihitaji maelezo. Malalamiko yakafika Canada kwenyewe, wananchi wa huko wakaanza kuuliza fedha za kodi zao zimefanya nini. Mtafiti Charles Lane aliandika kwa miaka kadhaa juu ya jambo hilo, na kitabu chake Pastures Lost kilitoka mwaka 1996. Mwaka 1993 iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza malalamiko ya uvunjaji wa haki za binadamu kwenye mashamba yale. Canada ikajitoa. Baadaye, NAFCO ilipovunjwa, baadhi ya mashamba yalibinafsishwa na baadhi ya ardhi ikarudi kwa wananchi.

Kwa hiyo simulizi inaweza kuokoa. Silikatai hilo. Ila nalo lilikuwa na bei yake. Ili Mbarabaig aonewe huruma mbali, ilibidi awe mtu wa aina moja: mfugaji wa asili, wa shuka na mkuki, asiyebadilika. Mbarabaig anayelima ekari mbili za mahindi hakutoshea. Wanawake wao hawakutoshea, ingawa wana baraza lao lenye nguvu ya kumtoza faini hata mwanamume. Vibarua wa mashamba ya ngano waliotegemea mshahara ule hawakutoshea. Na majirani zao, sisi Wairaqw, Wanyaturu na wengine, tukawa ama hatupo, ama ndio wabaya wapya. Mwenzangu analisema hili vizuri kuliko mimi: "Zamani tulikuwa wauaji, halafu tukawa maskini watakatifu. Hakuna aliyewahi kutuacha tuwe watu wa kawaida wenye kesi ya ardhi."

Linganisha na jambo ambalo wote tunalikumbuka. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Ndani ya siku mbili nchi nzima ilikuwa inachanga. Hapa chuoni tulipitisha boksi hosteli kwa hosteli, na watu waliobakiwa na elfu mbili mpaka boom litoke walitoa elfu moja. Nilijivunia. Huruma ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini ni watu walewale, wilaya ileile. Matope yalikuwa na usiku mmoja, picha, na hayakuwa na mkosaji wa kugombana naye. Mgogoro wa ardhi umechukua zaidi ya miaka hamsini, hauna usiku mmoja wa kuuonyesha, na ukiusimulia lazima umtaje mtu. Ndiyo maana hakuna boksi.

Basi tufanyeje? Mtu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii aliniambia jawabu ni kila upande usimulie vizuri zaidi, wafugaji nao wapate simu na bando. Nakubali nusu. Kila mtu awe na sauti, sawa. Lakini kama haki ya ardhi itategemea nani ana video nzuri zaidi, basi kesho mwenye kampuni ya matangazo atashinda sote, mkulima na mfugaji pamoja. Haki haitakiwi kuwa zawadi ya msimuliaji bora.

Mimi napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, yale maswali matatu yawe desturi. Kabla hujasambaza: hapa ni wapi, ni pa nani, na hawa walikuwa wanatoka wapi? Ukikosa jibu hata moja, iache kwenye simu yako. Haitakuoza.

La pili, tuache kuandika tasnifu za "migogoro ya wakulima na wafugaji" kwa kunakiliana madesa. Nimepitia kadhaa maktaba. Nyingi zinaanza na ongezeko la watu na kuishia na "elimu itolewe". Chache sana zinataja jina la mbuga hata moja, njia ya mifugo hata moja, kisima hata kimoja. Kuna wenzetu hapa wanaozungumza Kidatooga, Kiiraqw na Kinyaturu kama walivyozaliwa. Likizo moja ukiwa kwenu, kaa na wazee, andika majina ya mahali, nani alipatumia, mwezi gani, kwa makubaliano na nani. Mwandikie na mkulima aliyepoteza mahindi, kwa ukamilifu uleule.

La tatu, karatasi hizo ziende mahali zinapoweza kufanya kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila, na inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja, malisho yakiwemo. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unapoandaliwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoupitisha. Pale ndipo simulizi ya mzee inapogeuka kuwa mstari kwenye ramani, au inapotea. Mara nyingi inapotea kwa sababu hakuna aliyeiandika kwa lugha ambayo ofisi inaisoma. Mulbadaw walishindwa hapo. Wanasheria, wapima na maofisa mipango wa kesho ndio sisi tunaogombania viti vimbweta leo.

Juni, baada ya mitihani, nilikwenda naye kwao. Tulipitia Haydom, tukashukia Basotu karibu na ziwa. Babu yake hakuniuliza kabila. Nadhani lafudhi ilishanisema. Alinitembeza jioni nzima kwenye uwanda ambao kwangu ulikuwa shamba tu na vumbi, akinionyesha kwa fimbo: hapa walikaa akina fulani wakati wa mvua, hapa tulikuwa tunanyweshea, pale usipite, kuna mtu amelala. Alitaja majina kumi na tisa ya mahali. Niliyahesabu kwa sababu niliyaandika. Mwisho akaniuliza kama kwetu mahindi yamekubali mwaka huu. Nikamwambia habari ya shamba la mama na lile deni. Akatikisa kichwa, akauliza mwenye ng'ombe ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Akasema atapeleka neno.

Niliporudi chumbani niliandika kwenye grupu la darasa kwamba ile video haikuwa ya Manyara, kwamba maneno niliyoyaweka juu yake yalikuwa ya kijinga, na kwamba naomba radhi. Walioisambaza video walikuwa wengi. Waliojibu radhi yangu ni wanne. Nimeshatangulia kusema kwamba simulizi ndefu inachosha, kwa hiyo silalamiki.

Yale majina kumi na tisa yako kwenye daftari langu. Likizo ijayo tunarudi kuyaweka kwenye ramani, mimi na yeye, na mwanafunzi mmoja wa upimaji ambaye ameahidi kuja na kifaa chake. Baada ya hapo tunapanda kwetu Dongobesh tufanye vilevile kwa mashamba ya upande ule, kuanzia la mama. Nafasi kwenye basi zipo, nauli kila mtu ajitegemee.